Ukili wa Mama Si Pambo la Ukutani

Nililipwa dola 12 kufundisha watoto wa Marekani kupindua pembetatu. Watoto wenyewe sikuwaona, na wao hawajui kama nipo. Aliyenilipa ni mwanafunzi wa ualimu wa chuo fulani huko. Alipewa asaimenti ya kuandaa somo la hisabati la watoto wa miaka tisa, akaona uvivu, akaitupa mtandaoni. Nikaidaka mimi, nimekaa chini ya mkanju nyuma ya nyumba yetu Msambweni, bando limebaki la kuhesabu kwa vidole.

Wewe unayejua kazi hizi unajua. Usinihukumu. Vijana wengi wa umri wangu wameandikia watu digrii za nje na wao wenyewe hawana. Mimi nilikuwa nasomea ualimu wa hisabati, nikaacha mwaka wa pili. Karo ilikwisha kabla ya hamu. Kwa hiyo asaimenti ile ilinipata nyumbani: ualimu, hisabati, watoto. Nikasema hii nitaimaliza kabla ya adhana ya alasiri.

Ilitaka mambo matatu. Somo lihusu mageuzi ya maumbo, yaani kusogeza, kupindua na kuzungusha. Watoto watumie mikono, wasikae tu kutazama ubao. Na mfano utoke kwenye utamaduni wa jamii yao. Nikatafuta kwenye intaneti, nikapata mablanketi ya viraka ambayo kina mama wa Marekani hushona, pembetatu juu ya pembetatu. Nikaandika kurasa nne safi. Nikaeleza jinsi kiraka kimoja kinavyopinduliwa kikawa cha pili, cha pili kikazungushwa kikawa cha tatu. Nikasifia hekima ya bibi wa kijijini anayejua jiometri bila kuijua kwa jina. Maneno matamu, hata mimi nilijipenda. Jibu likaja baada ya siku mbili kwamba msimamizi wake amefurahishwa sana na namna somo lilivyoheshimu utamaduni.

Mita tatu kutoka nilipokaa, Mama alikuwa anasuka ukili.

Nilikuwa nimemsalimia. Nilikuwa nimemwomba chai akaniletea. Miyaa iko mapajani, mingine ya rangi, mingine imeachwa nyeupe, vidole vinakwenda bila macho. Na mimi, mtu wa hisabati, nikavuka bahari kutafuta bibi wa kusifia.

Hasira yangu ilianzia hapo, na ilianza kwa kujikasirikia mwenyewe. Lakini haikuishia kwangu.

*

Aliyeniamsha ni mpwa wangu, Gredi ya 5. Alikuja na sare bado, akachungulia skrini juu ya bega langu, akasoma kichwa cha somo kwa sauti. Kiingereza anakisoma vizuri, mashallah. Kisha akauliza, "Mjomba, hii translation si ni kutafsiri? Sasa wanatafsiri pembetatu?"

Nikacheka. Akaendelea. Reflection alijua ni kutafakari, alifundishwa hivyo. Kwa hiyo katika kichwa chake kulikuwa na pembetatu mbili, moja inatafsiriwa na nyingine imekaa pembeni inatafakari maisha. Nikacheka tena, halafu kicheko kikakatika, kwa sababu nilikumbuka mimi mwenyewe nikiwa kidato cha pili.

Sisi wa 8-4-4, mageuzi haya yalitungoja mpaka sekondari. Uakisi, mzunguko na ukuzaji vilikuja kidato cha pili, matriksi zake zikaja kidato cha nne. Nilikuwa na miaka kumi na sita nilipoambiwa kwa mara ya kwanza, rasmi, kwamba umbo linaweza kuzungushwa. Na nililambiwa hivi: ukizungusha nukta robo mzunguko kinyume cha saa kwenye kitovu, x na y inakuwa hasi y na x. Kariri. Nusu mzunguko, zote mbili zinakuwa hasi. Kariri. Kupindua kwenye mstari wa y sawa na x, zinabadilishana nafasi. Kariri. Nilikariri, nikapasi, na wallahi sikuona kitu kikizunguka hata siku moja. Niliona alama za kutoa zikihamahama.

Mtaala mpya una nafuu, sitasema uongo. Watoto wa madarasa ya chini wanatengeneza ruwaza za maumbo: mstatili, duara, pembetatu, halafu ujaze kinachofuata. Baadaye wanakwenda kwenye mistari, pembe, maumbo bapa na maumbo ya pande tatu. Ni vizuri. Lakini swali lenyewe, yaani umbo hili limefanywa nini mpaka likawa lile, na ni nini hakikubadilika, linaachwa lingoje mtoto amalize msingi. Na kuanzia Gredi ya 4 kila kitu kinaingia Kiingereza. Miaka mitatu ya kwanza sera inaruhusu lugha ya eneo, yaani kwetu Kidigo au Kiswahili, kisha mlango unafungwa. Mtoto anakutana na mageuzi akiwa ameshakua, kwa lugha ya tatu, bila kitu mkononi. Kisha tunashangaa kwamba hisabati "ni ngumu."

Mimi nasema mageuzi ya maumbo yafundishwe shule ya msingi, mapema, kwa vitenzi ambavyo mtoto anavyo tayari, na kwa vitu vilivyomo nyumbani kwake. Na yafundishwe kama hisabati. Nimechoka na hadithi ya utamaduni ya dakika tano kabla ya kurudi kwenye kazi ya kweli.

*

Vitenzi kwanza. Sogeza, pindua, zungusha, kuza. Mtoto gani wa Msambweni hajatumwa kwa vitenzi hivyo? Sogeza jamvi. Pindua chapati isiungue. Zungusha mwiko. Amevitii tangu ana miaka mitatu. Halafu shule inampokonya vitenzi vyake vyote vinne, inampa nomino nne za kigeni azikariri, na mbili kati ya hizo zinagongana na maneno ambayo shule hiyohiyo ilimfundisha kwenye somo la lugha.

Mwezi wa Ramadhani nenda jikoni kwoyote hapa kwetu saa kumi jioni. Utakuta watoto wanafunga sambusa. Manda ni ukanda mrefu. Unatengeneza pembetatu kwenye ncha, unatia nyama, halafu unaipindua pembetatu kwenye ukingo wake, tena kwenye ukingo unaofuata, tena, mpaka ukanda uishe. Kila mkunjo ni uakisi kwenye mstari. Mstari wenyewe upo, mtoto anaubana kwa kidole. Sasa muulize swali moja tu: ukiipindua mara mbili, kwa mistari miwili inayokatana, pembetatu imekaaje ukiilinganisha na ilivyoanza? Atajaribu. Ataona kwamba kupindua mara mbili ni sawa na kuizungusha mara moja. Hiyo ni nadharia ya kweli, nami niliikuta chuoni imeandikwa kwa herufi nzito. Mpwa wangu aliiona kwa karatasi ya daftari la zamani, na alama za wino pande zote mbili ili ajue uso upi uko juu.

Baharini nako hivyohivyo. Maji yakitoka, watoto wanaokota viti vya pweza mwambani. Mikono mitano. Ukimzungusha kidogo kidogo, anajifunika mwenyewe mara tano, ya tano ikiwa ndiyo ya kurudi alikoanza. Digrii 360 gawanya kwa 5 ni 72. Mtoto amefanya kugawanya, amefanya pembe, amefanya mzunguko, na mnyama anarudishwa majini mzima. Kisha mwambie atembee mchangani ageuke atazame nyayo zake. Wa kulia, wa kushoto, wa kulia. Unyayo wa kushoto ni wa kulia uliopinduliwa na kusogezwa mbele kwa pamoja. Ukisogeza bila kupindua, utapata mtu mwenye miguu miwili ya kulia. Mpwa wangu alicheka na hilo mpaka akakaa chini.

Hata barabara inafundisha. Ambulensi za kwenda hospitali ya rufaa ya Msambweni zinapita, na mbele neno limeandikwa kinyumenyume. Watoto wengi wanadhani fundi wa rangi alikosea. Mpeleke mtoto kwenye kioo cha pembeni cha matatu iliyoegeshwa, mwache asome. Kuna mtu alijua uakisi ili dereva aliye mbele apishe mgonjwa.

*

Turudi kwa Mama.

Ukili ni utepe. Nakshi yake inaanza, inakwenda, inajirudia. Wanahisabati waliwahi kuuliza: utepe wowote wenye nakshi inayojirudia, uwe wa kitambaa, wa ukuta au wa kikapu, unaweza kujirudia kwa njia ngapi? Si nakshi ngapi, maana nakshi hazina mwisho. Njia ngapi za kujirudia. Jibu ni 7. Saba tu, dunia nzima, tangu kuumbwa. Kuna unaosogea tu. Kuna unaosogea kwa mtindo wa nyayo. Kuna wenye kioo cha kusimama, kuna wenye kioo cha kulala, kuna unaojirudia kwa nusu mzunguko, na kuna michanganyiko. Ukileta utepe wa nane umekosea kuutazama.

Jumamosi moja niliweka laptopu chini. Mimi na mpwa wangu tukapita nyumba nzima na ya jirani tukitafuta hizo saba. Kili za Mama, pindo za leso, kipepeo cha mkaa, ukingo wa msala. Kufika adhuhuri tulikuwa na nne, tumezichora daftarini. Mtoto wa miaka kumi na mmoja akawa ananibishia: "Hiyo si kioo, mjomba, hiyo ni ya kuzungushwa. Tazama rangi." Alikuwa sahihi. Rangi zilikuwa zimekataa kioo. Mama akasema, bila kuinua macho, kwamba ile angeanza na mwaa mweusi kushoto badala ya kulia ingekuwa na kioo, lakini mkeka mzima ungebadilika. Alijua. Hakuwa na neno, lakini alijua kwamba chaguo moja la mwanzo linaamua kila kitu kinachofuata mpaka mwisho wa utepe.

Halafu leso. Leso ina pindo, ina mji, ina jina. Ikunje katikati kulia kwa kushoto: nyingi, pindo linaangukia pindo na maua yanaangukia maua. Ikunje juu kwa chini, hivyohivyo. Sasa tazama jina. Jina linakataa. Ukilipindua halisomeki, ukilizungusha nusu linasimama kichwa chini. Kwa hiyo leso ileile ina ulinganifu mara nne bila jina, ukihesabu na kuiacha ilivyo, na ikiwekwa jina inabaki na huo mmoja tu wa kuiacha ilivyo. Maneno ndiyo yanayoipa leso juu na chini yake. Nani amewahi kukwambia hivyo darasani? Na kama leso yenu ni ya korosho, tazama korosho moja peke yake. Haina kioo popote. Imepinda, kama mkono wa kulia usioingia kwenye glavu ya kushoto. Lakini mchoraji akiweka mbili zikitazamana, kioo kinazaliwa katikati yao. Kwale imejaa mikanju, na hakuna kitabu cha hisabati nilichosoma kilichowahi kuitazama korosho.

*

Najua kuna msomaji ameshaanza kutabasamu: sawa kaka, vizuri sana, utamaduni wetu. Tafadhali usinitabasamie hivyo. Utabasamu huo ni nusu ya tatizo. Shule zetu zinapenda utamaduni siku moja kwa mwaka, mkeka ukatundikwa ukutani, mgeni akapigwa picha nao, kesho yake ukaondolewa ili watu wasome. Wacha nikueleze mkeka unavyohusu pesa.

Mfanyabiashara mmoja wa Diani aliagiza mkeka kwa Mama. Alipenda aliouona, wa kili 10, kila ukili urefu wa pima moja, bei shilingi 1,500. Akasema anataka wa aina hiyohiyo, nakshi ileile, lakini mara mbili. Mara mbili urefu, mara mbili upana. Atalipa mara mbili, 3,000. Akanitazama mimi, msomi wa nyumba, kama kuuliza hesabu imekaa sawa. Nikatikisa kichwa. Sawa, mara mbili.

Mama akasema, "Elfu sita."

Nikaona aibu kwa niaba yake. Nikadhani anapandisha kwa sababu mtu ametoka Diani. Akaeleza kwa upole, kama anavyoeleza mtoto. Upana mara mbili ni kili 20. Urefu mara mbili ni kila ukili pima mbili. Ishirini mara mbili ni pima arobaini. Mdogo ulikuwa pima kumi. "Sasa mwanangu, nisuke pima arobaini nilipwe za ishirini?"

Ukuzaji kwa kipimo cha 2 unazidisha eneo kwa 4. Nimejibu swali hilo kwenye mtihani wa kitaifa nikapata alama zote. Nimewaandikia wateja wa nje maelezo yake zaidi ya mara tatu. Na uani kwetu, mbele ya mama yangu, nilikubali auze kazi ya wiki kadhaa kwa nusu ya thamani yake, kwa sababu hisabati niliyofundishwa ilikuwa inaishi kwenye karatasi ya miraba na haikuwahi kugusa mkeka. Mama hakuwahi kufika sekondari. Aliyeokoa shilingi 3,000 siku ile si mimi.

Hilo ndilo lililo hatarini hapa. Mtoto asiyeelewa kinachobadilika na kisichobadilika umbo likikuzwa atapunjwa kwenye mkeka, kwenye kipande cha shamba, kwenye bati la paa, kwenye ramani ya mpimaji atakayokunjuliwa mezani aambiwe atie sahihi. Ukanda huu wetu watu wametia sahihi ramani nyingi.

*

Mnasema watoto hawajui hata kujumlisha, tuwaongezee mageuzi? Nimeonyesha kugawanya ndani ya kiti cha pweza na kuzidisha ndani ya mkeka. Maumbo si peremende ya kupewa mtoto akishamaliza namba. Kwa wengine maumbo ndiyo mlango wa namba, na tumeufunga.

Mnasema hakuna vifaa. Nimetumia gazeti kuukuu, mchanga na leso ambayo ilikuwa imevaliwa. Kama kuna shule Kwale isiyo na mchanga niambiwe nikaitembelee.

Mnasema mtihani ni wa Kiingereza. Sawa. Mtoto aliyekwisha kupindua sambusa mara mia utamwambia siku moja kwamba wenzetu hii wanaiita reflection, ataandika, atafunga daftari. Neno linajifunzwa kwa dakika moja kama kitu kipo kichwani. Kitu kisipokuwepo, neno hukaririwa miaka kumi na bado ni kelele. Tanzania wanafundisha hisabati ya msingi kwa Kiswahili na jua bado linachomoza Dar es Salaam. Katiba yetu ya 2010 imeita Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pia. Rasmi ya kufanyia nini, kama haiwezi kupindua pembetatu Gredi ya 5?

Mnasema haya ni mambo ya vijijini, hisabati ya kweli iko kwingine. Mwaka 1872 Mjerumani Felix Klein alisema jiometri nzima inaweza kuelezwa kwa swali moja: ukifanya mageuzi fulani, ni nini hubaki vilevile? Swali la Mama la kuanza na mwaa mweusi kushoto au kulia ni swali la ukoo huo. Na huko Msumbiji, mwanahisabati Paulus Gerdes alitumia maisha yake kuwasoma wasusi wa vikapu, wakiwemo wa mikoba ya sipatsi ya Inhambane, na kuhesabu nakshi zao kwa kanuni hizohizo za ulinganifu. Alisisitiza kwamba aliyebuni mbinu ile ya kusuka alikuwa anafikiri kihisabati, na kwamba fikra hiyo imeganda ndani ya kikapu ikingoja kuyeyushwa. Aliandika vitabu. Vinasomwa vyuo vya mbali. Mimi nilivikuta nikimtafutia mteja wa nje marejeleo.

Na walimu? Siwatupii mawe. Mwalimu wa msingi ana darasa lililofurika, ana masomo mengi, ana fomu za kujaza kila wiki, na yeye mwenyewe alifundishwa mageuzi kwa alama za kutoa kama mimi. Huwezi kumdai mtu akupe alichonyimwa. Ninaowadai ni wanaoandika mitaala na vitabu, na vyuo vinavyowaandaa walimu. Leteni mageuzi ya maumbo shule ya msingi, yasingoje. Andikeni vitenzi vyake kwa Kiswahili kwenye kitabu cha mwalimu, kando ya Kiingereza, ili asibuni peke yake. Na mtoto wa Pwani asifundishwe kwa picha za mablanketi ya watu wengine wakati bibi yake yuko hai. Mkifanya hivyo, mlipeni bibi akija darasani. Msimwite "rasilimali ya jamii" mkamrudisha nyumbani na soda.

*

Kazi zile sijaziacha zote. Sitajifanya. Kodi ya umeme haijui itikadi. Lakini za masomo ya watoto nimekataa. Kuna mahali Marekani huenda mwalimu kijana anasimama mbele ya darasa na karatasi yangu, watoto wanakata viraka, wanapindua, wanazungusha, wanafurahi. Nawatakia heri. Somo lilikuwa zuri. Lilitoka Msambweni na halikuwahi kufundishwa Msambweni.

Jumatatu iliyopita mpwa wangu alikwenda shule na daftari la zile tepe nne. Amezipaka rangi, amechora mistari ya vioo kwa nukta. Alitaka kumwonyesha mwalimu. Jioni nikamuuliza ilikuwaje. Akasema mwalimu alitazama, akasema ni nzuri, akamwambia alihifadhi mpaka watakapofika huko.

"Watafika lini, mjomba?"

Nikafungua mtaala kwenye simu, nikashuka, nikashuka. Mama akanyosha mkono akamwomba mtoto alete daftari. Akalitazama muda mrefu, akaweka kidole kwenye utepe wa tatu, akamwambia kuna mwingine hajauchora, ule wa msala wa marehemu bibi, uko kwenye sanduku. Wakaingia ndani kuutafuta. Mimi nilikuwa bado nashuka.